Wazee wa Walukuba wanatunzwa na nani?

WAFANYABIASHARA wengi wanaotoka Busia na Malaba huipita Jinja mbio, macho yakiwa Kampala. Mimi huingia Walukuba. Mtaa huu ni wa enzi ya viwanda vilivyofuata bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watu walifika kutoka kila upande, Wakenya wakiwemo. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Wakenya wengi makazini, kisha viwanda vikadorora chini ya Amin. Waliobaki sasa ni wazee, na watoto wao wako Nairobi, Juba au Dubai.

Uliza makao ya wazee yako wapi, nawe utaulizwa: kwani hana watoto? Yanayojulikana zaidi ni Mapeera Bakateyamba, Nalukolongo, Kampala, yaliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978. Papa Francis aliyatembelea Novemba 2015. Lakini hayo ni kimbilio la maskini na wenye ulemavu, tena yako mbali.

Basi mwuguzi wa Walukuba ni mjukuu. Uji anajua kupika. Nani amemfundisha kumgeuza bibi kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala?

Serikali ya Uganda nayo ina posho ya wazee, Sh25,000 kwa mwezi, ambayo mwaka 2020 ilipanuliwa nchi nzima kwa waliofikisha miaka 80. Nadhani umri huo ni mkubwa mno. Zanzibar ilianza mwaka 2016 na Kenya mwaka 2018, zote kwa wenye miaka 70. Mwaka 2021 watafiti wa ISER, Unwanted Witness na Chuo Kikuu cha New York walieleza jinsi wazee walivyokosa posho kwa sababu kitambulisho kina mwaka wa kuzaliwa usio sahihi, au alama za vidole hazisomeki. Vidole vilivyofanya kazi maisha yote!

Wewe unayerudi nyumbani wiki hii, kabla ya kufungua sukari na blanketi, omba kitambulisho cha mama usome mwaka wake. Ukiwa na kosa, anza safari ya kuusahihisha ukiwa bado upo. Kisha mwambie dada yako amtazame mama visigino na kiuno. Ngozi iliyobadilika rangi, iliyo ngumu au yenye joto kuliko ya pembeni, ni kidonda kinachoanza. Asilalie upande huo, na mwuguzi aitwe siku hiyo hiyo.