Mwendee mwigizaji huyo na karatasi mkononi

HEBU tuseme wewe ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, ama Mombasa, ama Kisumu. Umeandika mswada wa filamu fupi. Rafiki yako ameazima kamera. Shangazi amekubali mpige filamu sebuleni mwake mradi msivunje glasi zake. Limebaki jambo moja tu: mhusika mkuu ni mama wa miaka 50, na katika kundi lenu hakuna hata mmoja aliyefika 25.

Kila mnapokutana mnataja jina lile lile. Ni mwigizaji ambaye umemwona kwenye runinga tangu ukiwa shule ya msingi. Kisha mmoja wenu anasema, "Huyo? Hawezi kukubali," na mazungumzo yanafia hapo.

Msomaji, ni nani aliyekwambia hawezi? Si yeye. Yeye hata hajui kwamba upo.

Chukua mfano wa filamu "Watu Wote" ya mwaka wa 2017. Hiyo ilikuwa kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School nchini Ujerumani, ikielekezwa na Katja Benrath, na ilipigwa papa hapa Kenya. Ni ya dakika 22 tu. Inahusu basi lililoshambuliwa likielekea Mandera Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Ndani yake yumo Adelyne Wairimu, na wamo pia Barkhad Abdirahman na Faysal Ahmed, ambao miaka minne kabla ya hapo walikuwa wameigiza maharamia katika "Captain Phillips", sinema kubwa ya Tom Hanks. Naam, filamu ya wanafunzi! Mwaka wa 2018 iliwania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu fupi.

Wengi wetu hudhani mwigizaji mwenye jina huangalia pesa peke yake. Pesa huangalia, na ana haki. Lakini mwigizaji wa miaka mingi huchoshwa na kuitwa kila mara kuwa mama anayelia kwenye matanga au jirani mwenye umbea. Ukimletea mtu mzima, mwenye siri na msimamo na maneno ya kutafuna, atakusikiliza. Hicho ndicho kitu ambacho kijana asiye na bajeti anaweza kutoa na kampuni tajiri wakati mwingine haina.

Mradi ujue namna ya kubisha hodi. Mimi sikujua.

Nilipokuwa nikisomea diploma ya uanahabari, wenzangu walinituma nimpigie simu mama mmoja mwigizaji, ambaye jina lake nitalihifadhi. Nilimpigia saa tatu usiku. Nikajieleza mbio mbio, kisha nikatamka lile neno ambalo hadi leo likinijia naona haya: kwamba pesa hatuna, lakini atapata umaarufu.

Hakunikemea. Alinijibu kwamba umaarufu anao tayari, na mwenye nyumba wake amekataa kuupokea. Kisha akaniuliza mambo manne. Ni siku ngapi? Ni wapi, na nitatoka huko saa ngapi? Nani anapika? Na huyo mama katika mswada anaanza kusema ukurasa wa ngapi? Sikuwa na jibu hata moja. Akaniambia kwa upole, mwanangu, nipigie ukishayajua hayo.

Maswali yale manne ndiyo barua yenyewe. Keti uyajibu kwenye ukurasa mmoja kabla hujamtafuta mtu. Eleza hadithi kwa sentensi tatu, mhusika unayempa, siku za kazi, mahali, malipo, nauli na chakula, na filamu itaonyeshwa wapi. Ambatisha mswada mzima, si kurasa zake tu, kwa maana mwigizaji hawezi kumjua mama huyo bila kusoma watoto wake wanamsema vipi akiwa hayupo. Taja pia siku ambayo ungependa kupata jibu, ili naye akitaka kukataa akatae bila kukuzungusha.

Kama ana meneja, anza kwa meneja. Kama hana, ujumbe mfupi wa mchana unatosha, ukiomba ruhusa ya kutuma barua. Ukimpata Kenya National Theatre baada ya mchezo, msalimie, mpongeze kwa alichofanya usiku huo, umwachie bahasha, uondoke. Mtu aliyetoka jukwaani sasa hivi ana njaa na anawaza matatu ya mwisho. Usimvizie kanisani, wala kwenye mazishi (usicheke, yametokea).

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo urafiki huvunjika. Nchini Marekani chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kina mikataba maalumu ya filamu za wanafunzi na zile za bajeti ndogo. Wewe na mwigizaji wako mtalindwa na karatasi mliyotia sahihi, basi iandikeni hata kama kiasi ni kidogo. Elfu tatu zinazolipwa asubuhi ya kazi ni bora kuliko elfu thelathini za "tukiuza filamu". Filamu fupi haiuziki kirahisi, na yeye anajua hivyo kukushinda.

Itakumbukwa kwamba Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang wa "Vitimbi" aliyefariki 2015, alichekesha taifa hili kwa miongo, na bado Wakenya walilazimika kumchangia pesa za matibabu ya macho. Wenzake waliyaona hayo. Ukimwomba mwigizaji akufanyie kazi bure, jua anayemkumbuka.

Kuna njia moja ya kupunguza gharama bila kumpunja mtu. Pitia mswada, ukusanye matukio yake yote, uyapange yapigwe kwa mfululizo hata kama katika hadithi yameachana miezi sita. Sisi tulidhani tunamhitaji yule mama siku tano. Tulipokaa na kalamu tukagundua ni mbili.

Nilimpigia tena baada ya wiki mbili, saa nne asubuhi, karatasi mbele yangu. Akasoma mswada. Akakubali.

Na akikataa? Mshukuru, umuulize kama kuna mwenzake anayeweza kufaa. Aidha, usisahau kwamba jina si kila kitu. Joseph Wairimu hakuwa akijulikana sana alipopewa nafasi kuu katika "Nairobi Half Life", na mwaka huo huo wa 2012 akatuzwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban.

Mama yetu alifika Kayole saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maneno yote kichwani. Alitubadilishia sentensi moja tu, akisema hakuna mama anayemwita bintiye kwa jina kamili akiwa hana hasira. Siku ya kwanza ilikwenda kama maji.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, mvua ikaanza kupiga mabati. Kinasa sauti hakikushika chochote isipokuwa ngoma ya mvua. Tulikuwa tumebakisha tukio la mwisho, ambapo mama anaifungua barua. Alikuwa ametuambia tangu mwanzo kwamba kesho yake ana kazi kwingine, nasi katika karatasi yetu nzuri tulikuwa tumesahau kuweka siku ya akiba. Saa kumi na mbili jioni, kama tulivyoandikiana, akavaa koti lake na kutuaga. Alitaka sana kubaki.

Aliacha leso yake juu ya kiti. Mvua ilipokatika tukakipiga kile kiti, na barua juu ya meza, haijafunguliwa.

Mwalimu wetu aliusifu sana mwisho huo. Hatukumwambia.