Mashine Haizai Nguvu



Mpwa wangu alinijia siku moja mwenye furaha kubwa. "Shikamoo, mjomba. Nimepata mashine ambayo mota yake yazungusha jenereta, na jenereta yailisha mota umeme. Haihitaji mafuta kamwe!" Muuzaji alimtaka akiba yake yote, fedha alizoziweka kwa mahari. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Lakini ngoja kwanza tufahamu."

Sindano ya dira wanayoitumia manahodha ni sumaku. Katika mwaka 1820, Hans Christian Ørsted, mtaalamu wa Denmark, aliiona sindano hiyo ikigeuka karibu na waya unaopita umeme. Basi umeme nao huleta usumaku. Mwaka 1821, Michael Faraday wa Uingereza, mwana wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, aliufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku. Hiyo ndiyo asili ya mota: umeme huingia, mwendo hutoka. Mwaka 1831 akaigeuza kazi hiyo. Aliiingiza sumaku katikati ya waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme ukapita wayani. Sumaku ilipotulia, umeme ulikoma. Hiyo ndiyo asili ya jenereta: mwendo huingia, umeme hutoka.

Kwa hiyo mota na jenereta ni ndugu wa tumbo moja, wala hapana kati yao azaaye nguvu. Kila mmoja huipokea kwa namna moja, akaitoa kwa namna nyingine.

Nikainua gurudumu la baiskeli yangu, nikamwambia azungushe pedali kwa mkono. Likaenda kwa wepesi. Nikaigusisha dainamo, taa ikawaka, na mkono wake ukaona uzito. Sehemu ya uzito ule ni msuguano, na sehemu ni kazi ya umeme wenyewe, kwani umeme utokapo, sumaku huupinga mwendo. Nikamwambia, "Mwanga huu umetoka mkononi mwako."

Ama mashine ya muuzaji, nguvu yake nyingine hupotea katika joto la nyaya na msuguano. Jenereta hurudisha pungufu ya ilichopewa, na punde zote mbili husimama. Ikiwa yaendelea kuzunguka, yatupasa kuuliza nguvu yaingilia wapi.

Mpwa wangu alikwenda akaomba mashine ifunguliwe mbele yake. Muuzaji akakataa. Alhamdulillahi, fedha za mahari zingali sandukuni.