Kimo cha mtoto: kati ya "-fupi" na "kudumaa"

Mtoto wa miaka mitatu atafikia kimo gani akiwa mtu mzima? Madaktari hujumlisha vimo vya wazazi kwa sentimita, huongeza 13 kwa mvulana au hutoa 13 kwa msichana, kisha hugawanya kwa 2. Baba 170, mama 158: mvulana 170,5, msichana 157,5. (Jibu laweza kupishana na ukweli kwa sentimita 8 na zaidi.)

Shida naiona kwa wazazi wenyewe. Hapa Kongo watoto wengi hudumaa kwa lishe duni. Mama aliyedumaa utotoni huingia katika hesabu na kimo alichobaki nacho, na binti yake hutabiriwa ufupi ambao sisi twauita wa ukoo. Kivumishi -fupi chataja kimo tu. Kitenzi kudumaa chasema kuna ukuaji uliokatizwa.