MVUA INARUDI: JE, GARI YAKO IKO TAYARI?

Mwezi wa 8 unaisha. Hapa Kazimia vumbi limepaka majani ya migomba rangi nyekundu, na jioni mawingu yanaanza kukusanyika upande wa milima. Kila mtu anajua maana yake. Mama anatafuta mbegu ya muhindi. Mwenye nyumba anapanda juu kuangalia kama bati limetoboka. Lakini mwenye gari? Yeye anapakia tu na kwenda. Anangoja gari ikatae njiani, ndipo aite fundi.

Nami nilikuwa mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana nitaanza na kosa langu mwenyewe, mtu asiseme pasta anahubiri mambo asiyoyajua.

Safari ya matanga

Miaka kadhaa iliyopita tulipanda milimani kwa matanga, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Tulikuwa na pikapu ya zamani, waimbaji wamekaa nyuma juu ya magunia. Asubuhi, kabla ya kuondoka, shofere alikuja akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, freni inalala kidogo. Afazali tuangalie kwanza." Nilitazama saa. Nikamjibu, "Twende tu, tumechelewa. Tutaangalia tukirudi."

Tulifika vizuri, tukazika, tukafariji wafiwa. Wakati wa kurudi tulishuka mlima mrefu, shofere amekanyaga freni njia yote. Katikati ya mtelemko nikamwona anakanyaga mara mbili, mara tatu. Akasema, "Hakuna kitu." Mguu wake ulikuwa umegusa chini kabisa. Yule kijana hakupoteza akili. Aliingiza vitesi ya chini, mota ikalia kama nyama aliyenaswa, akaipeleka gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, siyo upande wa bonde. Tuligonga udongo, tukasimama.

Hakufa mtu. Lakini mama mmoja wa kwaya alirushwa chini na gunia likamwangukia mguuni. Mfupa ulivunjika. Tulimbeba kwa machela mpaka usiku.

Siku zile nilisikia maneno mengi. Wengine walisema ni mkono wa adui. Wengine walisema wafiwa walikuwa na jambo lao. Fundi wa garaji yeye hakusema hivyo. Alifungua kikopo cha mafuta ya freni, akachovya kidole, akanionyesha. Mafuta yalikuwa meusi, na maji ndani yake. Akaniuliza, "Pasta, haya yalibadilishwa mwaka gani?" Sikuwa na jibu.

Wapendwa, katika sheria ya Musa mtu aliyejenga nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Mwenye nyumba hakuruhusiwa kusema "ni bahati mbaya". Gari nayo ni nyumba ya namna hiyo. Basi tuangalie ukingo wake, kitu kimoja kimoja.

1. Freni

Mafuta ya freni yana tabia moja ambayo wengi hawaijui: yanavuta maji kutoka hewani, hata kama kifuniko kimefungwa. Mafuta mapya ya namba DOT 3 hayachemki mpaka yafike digri 205 au zaidi. Lakini yakishakunywa maji kidogo tu, chini ya sehemu 4 katika 100, yanaweza kuchemka kwenye digri 140. Kwa DOT 4 hesabu ni 230 kwa mapya na 155 kwa yaliyokunywa maji.

Sasa fikiri gari yenye mzigo ikishuka mlima, shofere amekanyaga freni dakika kumi mfululizo. Moto wa magurudumu unaingia katika mafuta, mafuta yanachemka, mapovu yanatokea. Mapovu ni mvuke, na mvuke unakandamizika. Unakanyaga, mguu unashuka, gari haisimami. Ndicho kilichotupata sisi.

Kwa hiyo, badilisha mafuta ya freni kila baada ya miaka 2, na afadhali ufanye hivyo kabla ya mvua. Usiongeze maji ya sabuni wala mafuta ya mota, kama wengine wanavyofanya porini. Mafuta ya mota yanavimbisha mipira midogo iliyo ndani ya freni, na baada ya siku chache yote imeharibika. Na ukiwa juu ya mlima, ingiza vitesi ya chini kabla ya kuanza kushuka, siyo katikati. Acha mota ishike gari. Freni iwe ya kusaidia.

Chupa ya mafuta ya freni haifikii bei ya gramu moja ya dhahabu. Ninyi mnaotoka Misisi na Lulimba mnaelewa hesabu hiyo kuliko mimi.

2. Mipira ya magurudumu

Katika kiangazi mupira uliokwisha unatembea bila shida, na hapo ndipo unapotudanganya. Siku matope yanapokuja, ile mifereji ya mupira ndiyo inayotupa maji na udongo nje. Ikiwa haipo, gari inateleza kama sabuni. Nchi nyingi zinakataza mupira wenye mifereji chini ya milimeta 1.6. Kwa barabara zetu za udongo, hata hapo umekwisha chelewa.

Tena, wengi tunanunua mipira iliyotumika, iliyokuja kwa meli. Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni maandishi ya DOT; mwisho wake kuna tarakimu nne. Ukiona 2316, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukiona tarakimu tatu tu, ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000: mrudishie mwenyewe. Mupira unazeeka hata ukikaa dukani. Unakauka, unapata nyufa, kisha unapasuka ukiwa na mzigo. Waliotengeneza mipira wengi wanasema usipite miaka 10 hata kama mifereji bado inaonekana. Na upepo upimwe asubuhi, mipira ikiwa baridi.

3. Taa na kioo

Gari nyingi zinazofika kwetu zimepitia Dar es Salaam, na usukani uko kuume, kwa sababu Tanzania wanatembea upande wa kushoto. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Hapo kuna hatari mbili.

Ya kwanza ni ya kupita gari nyingine. Shofere aliyekaa kuume haoni mbele ya lori lililo mbele yake, kwa hiyo anamuuliza konvoyeri, "Naweza kupita?" Konvoyeri ni kijana, anataka kufika, anasema "Pita!" Ndugu, usiweke roho za watu mikononi mwa mtu asiyeshika usukani. Baki nyuma mpaka uone wewe mwenyewe.

Hatari ya pili ni ya taa. Taa za gari hizo zimetengenezwa hivi kwamba mwanga mfupi unainuka upande wa kushoto, ili uonyeshe ukingo wa barabara ya kule. Huku kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Unamchoma macho hata ukiwa umeshusha mwanga, wala hujui. Mwombe fundi abadilishe taa za mbele, au angalau azielekeze chini.

Angalia pia raba za kupangusa kioo. Zimekaa katika jua miezi mitatu bila kazi, zimekuwa ngumu kama kuni. Mvua ya kwanza ikinyesha zitapaka tope tu. Zibadilishe sasa.

4. Hewa, maji na mazutu

Kiangazi kimeacha vumbi lake ndani ya gari. Toa filtri ya hewa, uipulize kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unaingiza vumbi zaidi. Ikiwa nyeusi kabisa, weka mpya. Osha uso wa radiateri kwa maji ya polepole, maana vumbi na wadudu wanaziba njia ya hewa. Na mota ikiwa ya moto, usifungue kifuniko cha radiateri. Maji yake yana nguvu ya kukuchubua uso.

Mazutu yetu na esanse vinauzwa kwa bidoni, na wakati wa mvua maji yanaingia humo. Maji ni mazito, yanakaa chini. Acha bidoni itulie kabla ya kumimina, na sehemu ya mwisho usiitie. Filtri nyingi za mazutu zina kifundo chini cha kutolea maji: kifungue mara kwa mara. Angalia na batri, usafishe vichwa vyake, ukaze nyaya.

5. Kuvuka mito

Sisi tunaijua mito yetu. Asubuhi mtoto anavuka kwa miguu, jioni mto unabeba magogo. Mnakumbuka Uvira, mwezi wa 4 mwaka 2020, namna maji ya Mulongwe yalivyobeba nyumba na watu. Gari siyo nzito kuliko nyumba. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kusukuma gari ndogo, na sentimita 60 zinaweza kubeba hata gari kubwa. Kwa hiyo mtu mmoja apime kwanza kwa fimbo na kamba. Ikiwa mtu hawezi kusimama, gari isiingie. Mngojee, mito yetu mingi inapanda upesi na kushuka upesi.

Mota ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Maji yakiingia ndani yake hayakandamizwi kama hewa, na vyuma vinapinda. Ivuteni nje kwanza, fundi atoe maji. Ukisha kuvuka salama, kanyaga freni kidogo kidogo ukitembea polepole, zikauke. Na ukifika nyumbani, angalia mafuta ya mota na ya vitesi. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yamwage, utie mapya.

6. Mzigo, na yale ya Sange

Kila gunia unaloweka juu linainua uzito wa gari, na katika matope yenye mteremko wa pembeni gari inalala. Vitu vizito viwe chini, na watu wasikae juu ya mzigo. Ninasema hivi nikimkumbuka mama wa kwaya.

Na ikiwa gari ya mafuta imeanguka, tusikimbilie na bidoni. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hii yetu ya Bukavu na Uvira. Watu walikwenda kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 200, wengi wao wakazikwa pamoja katika makaburi ya wengi. Bidoni moja haina thamani hiyo. Ukiona gari ya mafuta imelala, chukua watoto, mwende mbali, na zimisheni moto wote.

Patroni na shofere

Neno la mwisho ni kwa wenye gari. Mara nyingi shofere anajua ugonjwa wa gari. Anaogopa kusema, kwa sababu patroni atamjibu, "Kama hutaki kazi, lete funguo, wengine wako." Shofere anayelipwa kwa safari hawezi kusimamisha gari yake mwenyewe. Basi wewe patroni ndiwe wa kuisimamisha. Toa siku mbili katika mwezi huu. Gari ikae garaji, fundi apite juu ya mambo haya sita, nawe uwepo. Ndani ya gari kusikose jembe, koleo, kamba ngumu, mbao mbili na mupira wa akiba ulio na upepo. Ninyi wa motari vilevile: freni, mnyororo, mipira, taa.

Na sisi tunaopanda gari tuna sehemu yetu. Siku ile sikuwa patroni wala shofere. Nilikuwa abiria mwenye sauti, na sauti yangu ndiyo iliyonyamazisha ya yule aliyejua. Shofere akisema "tuangalie kwanza", tushuke, tukae kivulini, tungoje. Marehemu angetungoja saa moja.

Yule mama bado anaimba katika kwaya. Mguu ulipona, lakini haukunyoka vizuri, na wakati wenzake wanapoingia kwa kucheza yeye anatangulia kukaa. Nilimwomba msamaha mbele ya watu wote, naye alinisamehe. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Pasta, ile freni mulishaitengeneza?"

Nawaachia swali lake.