Ruhusa ya Shamba si Ruhusa ya Uso

Mtunzi chipukizi akimpelekea mkubwa wake utungo wa kwanza, aghalabu huwa hatafuti ukweli bali sifa. Nasi washairi wa mwambao twajua dawa yake: twahesabu mizani, twapima vina, kisha twamuuliza alikusudia kumwambia nani, na kumwambia nini. Picha nayo, ndugu msomaji, ina mizani yake na vina vyake. Na dini yetu imetufunza kuwa mwenye kutakwa shauri ameaminiwa. Akiificha ila aliyoiona, amekhini.

Nayasema haya kwa sababu ya mwana wa dada yangu, mpiga picha anayeanza. Muuza leso mmoja wa Mombasa alimkabidhi doti nne akamwambia, "Nitafutie mahali penye kijani kibichi, unipigie picha za kutangaza mali yangu." Kijana alikuwa hajawahi kumpiga picha mwanamitindo nje ya nyumba. Akapanda basi hadi Kericho, akaendelea hadi Bomet, na karibu na Mogogosiek akapewa ruhusa na mkulima mdogo wa chai. Msichana wa huko, mwanafunzi wa chuo, akakubali kuvaa leso kwa malipo. Aliporudi alinitandazia barazani picha thelathini. "Mjomba," akasema, "nipe maoni, usinifiche."

Tulikuwa watatu wa kutoa maoni. Wa kwanza alikuwa mzee aliyefanya kazi ya studio miaka mingi. Mwambao wetu una jadi kubwa ya picha: Capital Art Studio ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930, N. V. Parekh akafungua yake Mombasa mwaka 1942, na Lamu ikawa na studio ya Omar Said Bakor tangu miaka ya 1960. Picha za jadi hiyo zilizaliwa ndani, penye pazia na taa, na mlango ukifungwa mwanamke hujua ni nani anayemwona. Nje hakuna mlango, wala jua halizimwi kama taa.

Mzee akatazama, akatikisa kichwa. "Umepiga saa sita mchana," alisema. Kericho na Bomet ziko karibu mno na ikweta, na mashamba ya chai yamo katika mwinuko wa mita 2,000 hivi. Mchana jua husimama juu ya utosi, macho ya mtu yakawa mashimo mawili meusi. Kamera nayo, ikiona mbingu inayong'aa nyuma, hupunguza mwanga na uso ukazama gizani. Hapo mzee akatukumbusha kuwa kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yetu haikuwa kipimo, basi mpiga picha wetu sharti ajipimie mwenyewe. Dawa yake ni kuwahi shambani saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla ya mvua za alasiri, ambazo huko Kericho huja hata na mawe. Na mtu ashike kitambaa cheupe ubavuni, kirudishe nuru usoni na kuondoa ule ukijani unaotoka majanini.

Wa pili alikuwa mwenye mali mwenyewe. Yeye hakujali jua. Aliuliza tu, "Mwanangu, jina la leso liko wapi?" Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na katika zile picha jina lilikuwa limemezwa na mikunjo. Leso isiyosomeka ni shairi lisilo kituo.

Lakini picha moja iliwafurahisha wote wawili. Wingu lilikuwa limepita, nuru imelainika. Msichana yuko mbele na leso nyekundu, na nyuma yake wanawake watatu wanachuma, vikapu mgongoni. Wa katikati ameinua uso, anaitazama kamera moja kwa moja. Muuza leso akasema, "Hii ndiyo."

Nami nikauliza, "Huyu mama ulimwomba?"

"Mwenye shamba alinipa ruhusa, Mjomba."

Ruhusa ya shamba si ruhusa ya uso. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chalinda faragha ya mtu, ikafuata Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini hata bila sheria, wachumaji wa chai wana sababu zao. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 walioeleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba makubwa ya Kericho. Mwanamke wa kazi hiyo akichelea kutazamwa na asiowajua, tusimwite mshamba.

Kijana alinuna. "Hiyo ndiyo picha yangu bora," alisema. Nikamjibu, "Ndiyo maana ukaulize."

Alirudi Bomet na picha ndani ya bahasha. Yule mama aliipokea kwa adabu, akaitazama kitambo, kisha akatoa maoni ambayo sisi watatu hatukuyaona. Msichana ameegemea michai na kuvunja machipukizi. Huchumwa majani mawili na chipukizi lake, sasa hapo atachuma nini? Tena kikapu amekitia mkononi kama aendaye sokoni, ilhali mchumaji hukibeba mgongoni ili mikono yote miwili iwe huru. Kuhusu uso wake alisema, "Hapo nilikuwa kazini. Watakaonitazama huko siwajui. Usiitangaze." Akaomba abaki na ile nakala, akapewa.

Kesho yake saa moja kijana akampiga msichana peke yake, amesimama njiani baina ya safu, leso imetandazwa mabegani na jina lasomeka. Picha hiyo si nzuri kama ile ya kwanza, nami nilimwambia hivyo. Muuza leso aliichukua shingo upande.

Enyi vijana mnaoanza kazi hii, tafuteni maoni ya wajuzi wa nuru, na ya wenye mali wanaolipa. Lakini kabla yao wote, waonyesheni picha wale waliomo ndani yake, na wakikataa, muwe tayari kuiacha hata ikiwa ndiyo bora kuliko zote.