Sarufi ya Upuuzi katika Majaribio ya SQLite

Sisi wasomi wa lugha twajua kwamba sentensi yaweza kufuata sarufi barabara na bado isiwe na maana. Jambo hilo ni kazi nzito kwa watunzaji wa SQLite, hifadhidata huria iliyomo katika simu nyingi mno. Kwani amri moja ya kipuuzi ikiiangusha programu, huenda mwizi akaipata njia ya kuingilia.

Mwaka 1990 Barton Miller na wenzake wa Wisconsin walionyesha kwamba herufi zilizotupwa ovyo ziliangusha robo hadi theluthi ya programu za Unix walizozijaribu. Lakini SQLite husikiliza lugha yenye sarufi, SQL, na fujo tupu hukataliwa mlangoni. Kwa hiyo Michał Zalewski, mwaka 2015, alikipa chombo chake AFL kamusi ya maneno ya SQL pamoja na sentensi sahihi za kuanzia. Chombo kikakata, kikaunga, kikageuza. Kila sentensi iliyofikia njia mpya ndani ya programu ikawa mbegu ya nyingine. Sentensi 22 ziliiangusha.

Kuona kasoro, kwa maoni yangu, ni nusu ya kazi. Watunzaji walizihifadhi sentensi teule, na programu yao fuzzcheck huzisoma upya kila majaribio ya kawaida yafanywapo. Tangu mwishoni mwa 2018 chombo kingine, dbsqlfuzz (ambacho, ajabu, si huria), hupotosha amri na faili la hifadhidata kwa pamoja: msemaji na kumbukumbu zake huvurugwa mara moja.