Umeme wa Njia Moja, Mashine ya Njia Tatu

Mwenye kufika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, huona kwanza chisense, wale samaki wadogo walioanikwa juani. Baadaye husikia mngurumo wa mashine za kusaga mihogo mikavu, chakula kikuu cha wananchi wa Luapula. Sisi tulivutwa na mashine moja iliyokuwa kimya.

Mwenyewe, mzee mfanyabiashara ajuaye Kiswahili cha ng'ambo ya Pweto, alikuwa amenunua mota kuukuu ya kilowati 15 na kuiunga kwenye waya wa nyumbani kwake.

"Afande, inanguruma lakini haizunguki."

"Uliiacha ikinguruma kwa muda gani, mzee?"

"Mpaka ikatoa moshi."

Kisa hiki si kigeni. Mota ya njia tatu yafanana na kinu kinachotwangwa na akina mama watatu kwa zamu: mchi mmoja ukipanda, mwingine washuka, na kazi haisimami. Nyumba nyingi huletewa njia moja tu, volti 230. Mchi mmoja huitikisa mota pasipo kuonyesha upande wa kuzungukia. Ukiusukuma mhimili kwa mkono yamkini utazunguka, lakini kwa nguvu pungufu. Ukiuacha umesimama, nyuzi za ndani huungua.

Je, njia zilizokosekana zaweza kutengenezwa? Zaweza. Fundi huunga kapasita, takriban maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, ili kuchelewesha pigo moja nyuma ya jingine. Mota hupoteza kama theluthi ya nguvu zake na huanza kwa uzito, hivyo isianzishwe ikiwa imebeba mzigo. Na fundi akumbuke kwamba kapasita huhifadhi umeme hata swichi ikizimwa. Wengi wamepigwa nayo. Wengine huzungusha mota ya pili isiyo na mzigo, nayo ikaizalia njia ya tatu mota ya kazi. Siku hizi iko pia inverta, ambayo hupokea njia moja na kutoa tatu, na huianzisha mota polepole. Kwa randa ya seremala wa mashua, ya kilowati moja na nusu, twaona inverta ndiyo bora kuliko zote.

Lakini kwanza kisomwe kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, nyuzi zaweza kufungwa kwa pembetatu, nayo itaridhika na volti 230. Kikiandikwa 400/690, kama zilivyo aghalabu mota kubwa, inverta ndogo ya volti 230 haitaitosheleza. Mzee wetu hakukisoma. Kilikuwa kimefunikwa na grisi.

Kuna na jambo zito zaidi. Kifaa huzaa njia, hakizai nguvu. Kilowati 15 kwenye njia tatu za volti 400 huhitaji takriban ampea 30 kwa kila waya. Kwenye njia moja ya volti 230 huvuka ampea 70, zote zikipita katika waya mmoja wa nyumbani. Waya ungepata moto, na taa za majirani zingefifia kila gunia limiminwapo. Atakayemwuzia mzee huyu kapasita kwa mota ya ukubwa ule amemwibia.

Tulimshauri arudie injini yake ya dizeli kwa sasa, ghali ijapokuwa, kwani wateja wake walikwisha kuanza kubeba makarai ya mihogo kichwani kwenda mashine za mbali. Kisha tulitoka naye nje kutazama nguzo za barabarani. Alihesabu nyaya kwa kidole: nne. Tatu zaweza kuwa za njia, na moja nyutro. Zilipita hatua chache tu kutoka mlangoni pake, naye alikuwa hajawahi kuzihesabu. Alitutaka tumwandikie kwenye karatasi maneno ya kuombea njia tatu. Tulimwandikia, pamoja na kilowati za mota.